Kabla ya Kubadilisha IGBT: Utatuzi wa Matatizo ya Inveta ya Jiko la Indaksheni

Jiko lililonifanya niandike mwongozo huu lilifika mezani kwangu likiwa limekwisha kubadilishiwa IGBT, yaani transista ya nguvu inayowasha na kuzima mkondo wa koili, mara mbili. Kila mara lilipika kwa siku chache, kisha siku moja, maji ya ugali yakiwa karibu kuchemka, likapiga kishindo kimoja na fyuzi ikakata. Fundi wa kwanza hakuwa mzembe. IGBT aliyoweka ilikuwa halisi, kulehemu kwake kulikuwa safi, na krimu ya kupitisha joto aliipaka vizuri. Alichokosa ni kujiuliza kwa nini ile ya kwanza iliungua, na swali hilo ndilo linalobeba karibu kazi yote ya kutengeneza majiko haya.

Nitazungumzia majiko ya kawaida ya sahani moja, yenye nguvu ya wati 2000 hivi na IGBT moja tu, kwa sababu ndiyo yanayojaa kwenye karakana zetu. Mwishoni nitagusa mashine kubwa za kupasha chuma, ambazo zina ugonjwa wao wa peke yake.

Umeme wa volti 230 hupita kwenye daraja la daiodi na kuwa mkondo mnyoofu. Baada ya daraja kuna kapasita ndogo, kwa kawaida ya mikrofaradi 5, ambayo wengi hudhani imewekwa ili kulainisha volti. Sivyo. Jiko likiwa na mzigo, volti baada ya daraja huendelea kupanda hadi 325 na kushuka karibu na sifuri mara 100 kwa sekunde, na kapasita hiyo iko pale ili kubeba mkondo wa frikwensi ya juu usirudi kwenye waya za nyumba. Koili na kapasita ya resonansi, ile inayobadilishana nishati na koili, zimeungwa sambamba, ncha moja ikiwa kwenye chanya na nyingine kwenye kolekta ya IGBT. IGBT ina miguu mitatu: mkondo hupita kati ya kolekta na emita, na geti ndiyo inayoamuru. IGBT ikiwashwa, mkondo hupanda ndani ya koili. Ikizimwa, nishati ya koili huhamia kwenye kapasita, volti ya kolekta hupanda kupita 1,000, kisha hushuka yenyewe hadi sifuri, na hapo ndipo IGBT inapotakiwa kuwashwa tena, wakati hakuna volti juu yake. Kwa hiyo mambo yanayoamua uhai wa IGBT ni matatu: kilele cha volti kisipite uwezo wake, kuwashwa kwake kuangukie wakati sahihi, na geti yake ipate volti za kutosha. Ukiwa na mambo hayo kichwani, dalili nyingi zinazoonekana kuwa za ajabu huanza kueleweka.

Tahadhari kabla ya kufungua

Bodi yote ya jiko hili, pamoja na ile sehemu ya volti 5 inayoendesha vitufe na taa, haijatenganishwa na umeme wa ukutani. Usiguse kitu chochote jiko likiwa kwenye soketi, na usiunge kibanio cha ardhi cha osiloskopu kwenye bodi, kwa maana utakuwa umepiga shoti umeme wa nyumba kupitia chombo chako. Ukichomoa waya, toa chaji ya kapasita kwa kugusisha nyaya za balbu kwenye miguu yake, si kwa bisibisi, kwa sababu cheche ya bisibisi hula njia za shaba na huiumiza kapasita yenyewe.

Tengeneza pia taa ya siriesi: balbu ya wati 100 iliyoungwa kwenye waya mmoja kati ya soketi na jiko. Balbu hiyo lazima iwe ya waya wa ndani, ya zamani. Balbu ya LED haifai kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa haizuii mkondo kwa namna tunayoihitaji. Jiko lisilo na hitilafu likiwa kwenye soketi bila kuwashwa, balbu humulika mara moja na kuzimika. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti mahali fulani, na wewe umeokoa fyuzi, daraja na pengine uso wako.

Jiko limekufa na fyuzi imekata

Fyuzi ya jiko la indaksheni haikati kwa uchovu. Ikikata na kioo chake kikawa cheusi, pima kwanza IGBT na daraja la daiodi, maana mara nyingi zimekwenda pamoja. IGBT nzima yenye daiodi ndani yake, kama H20R1203, ukiipima kwa mita kwenye alama ya daiodi huonyesha takriban 0.4 hadi 0.6 kutoka emita kwenda kolekta, na haionyeshi chochote upande wa pili. Kati ya geti na emita kusiwe na shoti. Ipime ikiwa imetolewa kwenye bodi, la sivyo rezista ya geti itakudanganya. Tazama na varista, kile kijenzi kinachomeza volti za ghafla, iliyo karibu na mahali umeme unapoingia. Ikiwa imepasuka au imekuwa nyeusi, huenda kisa kilianza na umeme uliorudi kwa kishindo baada ya kukatika, na hapo IGBT ilikufa kwa jambo la nje ambalo halitajirudia kesho.

Varista ikiwa nzima, chukulia kwamba sababu bado iko ndani ya jiko. Kabla ya kuweka IGBT mpya nenda kwenye kapasita ya resonansi. Itoe, uipime kwa mita yenye uwezo wa kupima kapasita, na ulinganishe na maandishi yake, ambayo kwa kawaida ni kati ya mikrofaradi 0.27 na 0.33.

Kwa jiko nililoanza nalo, kapasita ilikuwa imeandikwa 0.3 na mita ikasoma 0.2. Kwa macho ilikuwa nzuri kabisa, haijavimba wala kubadilika rangi. Tufanye hesabu, kwa sababu hesabu hii inaeleza zaidi ya maneno. Chukua koili ya mikrohenri 100. Kwa kapasita ya 0.3, frikwensi ya resonansi ni kilohezi 29 hivi, na kipeuo cha pili cha koili gawanya kwa kapasita ni omu 18.3. Tuseme mkondo unafika ampea 40 wakati IGBT inapozimwa, volti ya daraja ikiwa 325. Zidisha 40 kwa 18.3 upate 730. Tafuta kipeuo cha pili cha jumla ya mraba wa 325 na mraba wa 730, upate 800. Ongeza 325, na kolekta inafika takriban volti 1,125. IGBT ya volti 1,200 inavumilia. Sasa weka kapasita ya 0.2: omu zinakuwa 22.4, na kwa mkondo uleule kolekta inapanda hadi takriban 1,275. Hesabu hii haikuingiza nishati inayochukuliwa na sufuria, kwa hiyo si kipimo kamili, lakini inaonyesha wazi kwamba theluthi moja ya kapasita ikipotea, IGBT iliyokuwa salama inasukumwa kupita ukomo wake. Kapasita hupungua kidogokidogo kwa joto na mkondo, na ndiyo maana jiko lile lilipika siku kadhaa kabla ya kila kifo: lilikuwa likiishi ukingoni, likisubiri jioni ambayo volti za gridi zimepanda kidogo.

Kapasita ya kuweka badala yake iwe ya polipropilini, ya volti 1,200, iliyotengenezwa kwa ajili ya majiko haya. Nimeona watu wakiweka kapasita ya feni kwa sababu mikrofaradi zake zinakaribiana na zinazotakiwa. Hiyo ilitengenezwa kwa hezi 50 na mkondo mdogo. Hapa itapitishiwa makumi ya ampea kwa kilohezi 25 na zaidi, itachemka, na inaweza kupasuka ndani ya dakika chache. Pima pia ile ya mikrofaradi 5. Ikidhoofika, volti baada ya daraja huanza kuyumba kwa frikwensi ya koili, jiko hunguruma, na kilele cha kolekta hupanda bila mtu kujua.

Saketi ya geti baada ya mlipuko

IGBT inapokufa mara nyingi kolekta hushikana na geti, na volti 300 huingia moja kwa moja kwenye saketi ndogo iliyozoea volti 18. Kwa hiyo kila IGBT iliyoungua ni sababu ya kupima rezista ya geti, zena (daiodi inayozuia volti kupita kiasi) ya volti 18 iliyo kati ya geti na emita, na zile transista mbili zinazoisukuma geti, ambazo katika bodi nyingi ni S8050 na S8550. Transista moja ikivuja na kuiacha geti ikiwa juu, IGBT mpya itawaka na kubaki imewaka. Haitamaliza sekunde.

Kisha pima volti 18 zenyewe, IGBT ikiwa haijarudishwa. Zikiwa 18 au karibu yake, vizuri. Zikiwa 12 au 10, kapasita ya elektroliti ya saketi hiyo imekauka au chipu inayoiendesha inachoka, na IGBT itakayopata geti dhaifu namna hiyo haitafunguka kikamilifu. Itakuwa kama bomba lililofunguliwa nusu, itachemka na kufa huku kila kitu kingine kikiwa kizima. Zikipita 20, hatari ni ya upande wa pili, kwa sababu geti nyingi ukomo wake wa kawaida ni volti 20.

Hatua ninayoiheshimu kuliko zote ni hii inayofuata. Rudisha IGBT, lakini usiunge koili. Mahali pa koili weka balbu ya waya ya wati 60, huku ile taa ya siriesi ikibaki mahali pake. Ukichomeka, balbu ya koili isiwake. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, iwake kwa mapigo hafifu, ikizima na kuwaka, kwa kuwa jiko linatuma mapigo ya kutafuta sufuria. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, geti imeshikwa juu, na laiti koili ingekuwepo IGBT ingekwisha kwenda. Chomoa, rudi kwenye transista. Jaribio hili linachukua dakika tano, na sijui fundi aliyelizoea akaliacha.

Linawaka, lakini linasema hakuna sufuria

Anza na sufuria, hata kama mteja anaapa kwamba ndiyo anayoitumia siku zote. Sufuria za aluminiamu zilizojaa majikoni mwetu hazipashwi na majiko haya. Mkondo unaozushwa ndani ya sufuria hukaa kwenye ngozi ya juu ya metali: kwa kilohezi 25, katika chuma kinachoshika sumaku ngozi hiyo ni karibu milimita 0.1, na katika aluminiamu ni karibu nusu milimita. Aluminiamu inapitisha umeme vizuri zaidi na tena ina njia nene zaidi, hivyo ukinzani wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa chuma, na joto linalozalishwa halitoshi. Sumaku ikinata vizuri chini ya sufuria, sufuria si tatizo.

Baada ya hapo elewa jinsi jiko linavyoitafuta sufuria. Linatuma pigo moja kwenye koili na kuhesabu mitikisiko inayofuata. Koili tupu hutikisika mara nyingi kabla ya kutulia. Yenye sufuria hutulia upesi. Kwa hiyo chochote kinachoharibu hesabu hiyo hulifanya jiko kuwa kipofu: kapasita ya resonansi iliyodhoofika, skrubu ya koili iliyolegea na kugeuka kahawia, kipande cha feraiti kilichong'oka chini ya koili, au kibadilishi kidogo kinachopima mkondo ambacho waya wake umekatika.

Lakini mahali ninapopakuta mara nyingi zaidi ni zile rezista kubwa za kiloomu 240, 330, 470 au 820, zinazotoka kwenye ncha mbili za koili kwenda kwenye kilinganishi, yaani chipu inayolinganisha volti mbili, kwa kawaida LM339. Zinabeba volti nyingi kwa miaka, na namna yao ya kuzeeka ni kupanda: ya 330 inasoma 500, kisha inasoma megaomu, kisha haisomi. Zitoe mguu mmoja mmoja na uzipime zote, kwa sababu rangi zake hubaki zilezile. Ile ya upande wa chanya ikipanda, mara nyingi kilinganishi hakigeuki tena na jiko haliamki. Ile ya upande wa kolekta ikipanda, mambo ni mabaya zaidi, kwani kilinganishi huambiwa kwamba kolekta imekwisha kushuka wakati bado ina mamia ya volti. IGBT huwashwa mapema, kapasita humwaga chaji yake yote ndani yake, na hapo unapata jiko linalopasha vizuri huku IGBT ikichemka bila sababu inayoonekana. Tena kinga ya kilele cha volti husoma kolekta kupitia rezista za aina hiyohiyo, nazo zikipanda, kinga huona kidogo kuliko kilichopo na huchelewa kuchukua hatua.

Uchafu hufanya kazi ileile ya rezista mbovu. Mende hupenda joto la ndani ya jiko, na kinyesi chao pamoja na mchuzi wa maharage uliofurika hutengeneza njia ya umeme kati ya pointi ambazo zilipaswa kutenganishwa na megaomu. Mabaki ya flaksi ya kulehemu nayo hayana tofauti. Safisha eneo hilo kwa spiriti na brashi, ulikaushe kabisa, kisha ndipo uamini vipimo vyako. Majiko kadhaa yameamka mezani kwangu kwa brashi peke yake.

Linapasha dakika chache, kisha linazima

Hapa jiko mara nyingi linafanya kazi yake ya kujilinda, na kosa kubwa ni kuinyamazisha kinga. Sikiliza feni kwanza. Ikizunguka kwa kusuasua kwa sababu ya mafuta ya kupikia yaliyochanganyika na vumbi, ioshe au uibadilishe. Ikizunguka vizuri, tazama njia ya hewa chini ya jiko, maana jiko lililowekwa juu ya kitambaa cha meza hufyonza kitambaa na kuziba mdomo wake lenyewe.

Kuna themista mbili, yaani rezista zinazobadilika kwa joto: moja imeegemea kioo katikati ya koili, nyingine iko kwenye hitisinki (bamba la kupozea) karibu na IGBT. Ya kioo kwa kawaida ni kiloomu 100 kwa joto la nyuzi 25, na ukiibana kwa vidole inashuka taratibu bila kurukaruka. Ikiruka, imevunjika ndani. Hakikisha pia inagusa kioo; nimekuta iliyozama ndani ya mpira wake ikipima hewa badala ya sufuria. Kuweka rezista ya kawaida mahali pa themista ili jiko liache kulalamika ni jambo ambalo naomba mtu yeyote asilifanye, kwa sababu jiko hilo litarudi kwenye nyumba ya watu likiwa halijui tena kwamba mafuta yanakaribia kushika moto.

Kama feni na themista ni nzima, pima volti 18 tena, mara hii feni ikiwa inazunguka. Saketi dhaifu hutoa 18 ikiwa imepumzika na huanguka feni ikianza kuvuta.

Joto limepungua

Pima volti za soketi jiko likiwa linafanya kazi. Waya mwembamba wa kurefusha au soketi iliyolegea hupunguza volti hadi jiko lenyewe linapunguza nguvu. Sufuria ndogo kuliko koili pia hupunguza nguvu. Kile kirezista cha kuzungusha kilicho karibu na kibadilishi cha mkondo kiache kama kilivyo. Kimewekwa kiwandani ili kuweka ukomo wa mkondo, na anayekizungusha ili jiko lipashe zaidi anapandisha zile ampea 40 za hesabu yetu ya juu.

Mashine kubwa za karakana

Mashine za kupasha chuma kwa ajili ya kukifua au kukiunga kwa shaba hutumia IGBT mbili au nne, na koili yake huungwa kwa siriesi na kapasita. Katika mashine hizi frikwensi ya kuendesha inatakiwa kubaki juu kidogo ya frikwensi ya resonansi. Ikiwa chini yake, daiodi ya IGBT moja hulazimishwa kuzimika wakati IGBT ya pili inawashwa, mkondo mkali hupita kati yake, na zote mbili hupotea kwa pamoja.

Dalili inayowachanganya watu ni mashine inayofanya kazi vizuri chuma kikiwa baridi, kisha inalipuka chuma kinapokuwa chekundu. Chuma hupoteza usumaku wake kinapokaribia nyuzi joto 770. Usumaku ukipotea, uindaktansi wa koili (kile kipimo cha mikrohenri) hushuka, na resonansi hupanda. Tuseme resonansi ilikuwa kilohezi 60 na wewe umeweka mashine kwenye 63. Uindaktansi ukishuka kwa asilimia 20, resonansi inahamia 67, na mashine ambayo hujaigusa sasa iko upande mbaya.

Kama mashine yako haina saketi ya kufuata resonansi yenyewe, irekebishe kwa hali ya chuma cha moto, si ya chuma baridi. Tumia kipande cha stenlesi kisichoshika sumaku, chenye unene na urefu uleule wa kazi yako, kwa kuwa ndani ya koili kinafanana na chuma kilichokwisha kupoteza usumaku. Lisha mashine kwa volti ndogo, anzia frikwensi ya juu kabisa, shuka taratibu mpaka mkondo uanze kupanda wazi, na usimame kabla ya kilele.